Kuhamisha hadi diski kwenda kompyuta nyingine bila kupoteza faili hata moja: mwongozo kamili

Laptopu imekufa, haiwaki kabisa, fundi kasema mazabodi (bodi kuu ya ndani) imeungua na kuitengeneza ni ghali kuliko kununua nyingine ya mtumba, na wewe roho yote ipo kwenye picha za harusi, hesabu za duka na risechi ya chuo. Kwanza tulia. Mazabodi kufa sio hadi diski kufa, hivyo ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi sana diski inakuwa nzima na mafaili yapo vilevile ulivyoyaacha. Tena nikwambie, wengi hawapotezi vitu wakati wa kuchomoa diski, wanapoteza baada ya kuichomeka kwenye mashine nyingine, Windows inatoa kimeseji cha kuomba ifomati na mtu anabonyeza tu ili kiondoke. Kwa hiyo mambo ya bisibisi nitayapita haraka, nitakaa zaidi kwenye meseji za kwenye kioo na kwenye kukopi.

Kabla hujaanza amua unataka nini

Kuna kazi mbili hapa na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kuitumia diski ya zamani kama stoo, yaani kompyuta mpya inawaka kwa Windows yake na wewe unaingia kwenye diski ya zamani kuchukua mafaili. Hii ni rahisi. Ya pili ni kuifanya diski ya zamani ndiyo iwashe kompyuta mpya, ikuletee desktopu ileile na programu zilezile. Hii inawezekana ila ina vikwazo vyake, na ushauri wangu hata kama lengo lako ni la pili, anza na la kwanza, toa nakala, halafu ndio ujaribu bahati yako.

Hatua ya 1: Jua diski yako ni ya aina gani

Usibahatishe, soma lebo ya diski yenyewe. Laptopu za miaka ya nyuma nyingi zina diski ya SATA (hilo ni jina la aina ya plagi yake) ya inchi 2.5, desktopu zina ya inchi 3.5 ambayo ni nzito na inakula umeme wa volti 12, na laptopu za siku hizi zina SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya M.2, kile kijikadi chembamba kama kipande cha bigijii. Hiyo M.2 upana wake ni milimita 22 na urefu mara nyingi 80 ndio maana utaona imeandikwa 2280, zipo na fupi za 2242 na 2230.

Sasa hapa ndio watu wanapigwa dukani. M.2 zipo za namna mbili, SATA na NVMe, kwa macho zinafanana sana lakini keisi (kile kijisanduku cha kuwekea diski ili uichomeke kwa USB) ya SATA haisomi NVMe na keisi ya NVMe nyingi hazisomi SATA. Mtu ananunua keisi, anachomeka, hakuna kitu, anaanza kulia diski imekufa kumbe keisi ndio siyo. Mara nyingi yenye mapengo mawili kwenye meno ni SATA na yenye pengo moja ni NVMe, ila lebo ndio ya kuamini. Kama upo Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi nenda na diski yenyewe mkononi, chomekeni palepale kwenye laptopu ya muuzaji muone kama inaonekana, ila mwambie kabisa asibonyeze chochote.

Kwa inchi 2.5 unahitaji kebo tu ya SATA kwenda USB au keisi, umeme wa USB unatosha. Kwa inchi 3.5 lazima upate yenye adapta yake ya kuchomeka ukutani, bila hiyo volti 12 haitazunguka.

Kuna ambazo hazihamishiki kabisa. Vilaptopu vya bei rahisi vyenye GB 32 au 64 mara nyingi hifadhi yake ni eMMC, imelehemewa kwenye mazabodi, hakuna cha kuchomoa. MacBook Pro na Air kuanzia za 2018 nazo sahau, hifadhi imelehemewa na imefungwa na chipu ya mashine ileile, ikifa mazabodi hiyo ni kesi ya fundi wa bodi, sio ya kuhamisha diski. Na hizi diski za nje za kuchomeka USB, usizivunje kava ukidhani ndani ni SATA ya kawaida. Kuna My Passport nyingi za WD ambazo bodi ya USB ndio inayofunga data, ukiiondoa unabaki na makorokoro yasiyosomeka.

Hatua ya 2: Kama kompyuta ya zamani bado inawaka

Una bahati, itumie. Weka CrystalDiskInfo, ni ya bure, angalia hali ya diski. Ikiandika Good endelea. Ikiandika Caution angalia namba 05, C5 na C6, hizo zinahesabu sehemu za diski zilizokufa au zinazoelekea kufa, na hapo acha yote unayofanya, kopi vya thamani kwanza kwenda flashi au diski nyingine leo leo. Usiendeshe chkdsk (komandi ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) kwenye diski inayokufa kabla hujatoa mafaili, ile inaandika na kuisumbua diski nzima, inaweza kuimaliza.

Pili, kufuli. Windows 10 na 11 zina BitLocker, kitu kinachofunga data yote ya diski kwa ufunguo, na Windows 11 Home ina dogo lake linaitwa Device encryption ambalo mara nyingi linajiwasha lenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft, wewe hujui hata kama lipo. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika komandi) kama msimamizi, andika:

manage-bde -status

Ikisema Protection On maana yake diski imefungwa na ufunguo wake umekaa kwenye chipu ya TPM ya mazabodi ya hiyo kompyuta. Ukiipeleka mashine nyingine, TPM ya kule haijui kitu, itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Kwa hiyo ama uandike huo ufunguo karatasini:

manage-bde -protectors -get C:

ama uifungue kabisa diski kabla ya kuhama:

manage-bde -off C:

Hii ya pili inachukua muda, kwenye diski kubwa inaweza kwenda masaa, acha chaja imechomekwa na uangalie tena kwa status mpaka isome Fully Decrypted. Umeme wa kwenu kama ni wa mgao hakikisha betri inakaa na chaji kwanza.

Tatu, toa vitu ambavyo havitoki kwa kukopi. Paswedi ulizohifadhi kwenye Chrome zimefungwa na akaunti yako ya Windows ya mashine ile, hata ukikopi folda lote la Chrome utapata bukumaki ila paswedi hazitafunguka, kwa hiyo washa sinki ya akaunti ya Google au uzitoe kama faili kabla. Na kama unatumia OneDrive angalia ikoni, yenye wingu tu maana yake faili halipo kwenye diski, lipo mtandaoni, hata uhamishe diski mara kumi hulipati huko.

Mwisho zima kompyuta kikwelikweli. Windows ukibonyeza Shut down kawaida haizimi yote, ina kitu kinaitwa Fast Startup, inalala nusu na diski inabaki kama inatumika. Andika:

shutdown /s /t 0

au shikilia Shift wakati unabonyeza Shut down.

Hatua ya 3: Kama imeshakufa

CrystalDiskInfo na hizo komandi huwezi tena, ila ufunguo wa BitLocker bado unaweza kuupata. Ingia kwa simu au kompyuta nyingine kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti ileile ya Microsoft uliyotumia kwenye laptopu iliyokufa, mara nyingi utaukuta hapo. Kama ilikuwa laptopu ya ofisi au ya chuo muulize mtu wa IT, wao ndio wanautunza. Fanya hili kabla ya kufungua hata skrubu moja, kwa sababu kama kufuli lipo na ufunguo haupo hakuna fundi wa mtaani wala wa nje atakayekufungulia, anayekwambia ataweza anataka hela yako.

Kuna kesi nyingine, laptopu inawaka vizuri ila Windows ndio imeharibika haiingii. Hapo hata huhitaji bisibisi. Tengeneza flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows), washa nayo kwa kuchagua ile Try bila kuinsto, utaona mafaili yako na uyakopi kwenda diski ya nje.

Hatua ya 4: Kuchomoa

Toa chaja. Betri kama inatoka nje itoe, kama ni ya ndani ukifungua kava la chini chomoa plagi yake kwanza kabla ya kitu kingine. Bonyeza batani ya kuwashia kwa sekunde kumi hivi kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma kitupu, mfano kitasa au keisi ya desktopu iliyochomekwa ukutani, uondoe umeme tuli mwilini, usifanyie kazi hii juu ya zulia. Diski ya SATA inavutwa kwa kulala sio kwa kuinua, na kama imeungwa na kijiwaya bapa kile kishike kwa upole kwa sababu kikichanika kukipata cha modeli yako ni kazi. M.2 ukitoa skrubu moja inanyanyuka yenyewe kidogo, ndio unaivuta. Skrubu ziweke kwenye kikombe, piga picha kila hatua.

Diski ya kuzunguka isiangushwe, hata sentimita chache juu ya meza zinatosha kuiumiza. Na ukichomeka ukasikia tik tik tik inajirudia, zima hapohapo. Huo ni ugonjwa wa ndani, kila sekunde inayozunguka inazidi kujikwangua. Usiifungue, usiiweke friza, na usikubali kubadilishiwa bodi ya chini kwa kuchukua ya diski nyingine inayofanana, kwa sababu diski za sasa zina chipu yenye vipimo vya diski ileile moja, bodi ya nyingine bila kuhamisha hiyo chipu haifanyi kazi.

Hatua ya 5: Kuchomeka, na meseji ambazo hutakiwi kuzikubali

Washa kompyuta mpya kwanza kwa Windows yake, ikishatulia ndio uchomeke diski kwa USB. Kama ni desktopu na unaiweka ndani kabisa, zima, chomeka kebo ya data na ya umeme, halafu ukiwasha ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uhakikishe diski ya kuwashia ni ile mpya, isije ikaanza kuwaka na Windows ya zamani. Kwa laptopu yenye nafasi ya DVD kuna kaddi (fremu ya kushikia diski) inayokaa pale, ila pima unene, kuna za milimita 9.5 na 12.7. Na diski ya zamani ya inchi 2.5 yenye unene wa 9.5 haiingii kwenye laptopu nyembamba iliyotengenezewa ya 7.

Sasa kioo kitaongea. Tuangalie.

"You need to format the disk in drive E: before you can use it." Bonyeza Cancel. Siku zote Cancel. Maana yake Windows imeona diski lakini haielewi kilichopo, inaweza kuwa ni mfumo wa mafaili umeharibika, au diski ni ya Mac, au kebo mbovu. Jaribu soketi nyingine, kebo nyingine, kompyuta nyingine. Ikiendelea, kuna TestDisk na PhotoRec, programu za kuokoa mafaili, za bure zote, ila mafaili utakayookoa yahifadhi kwenye diski tofauti, usiandike chochote kwenye ile mbovu. Na ujue kitu kimoja: diski ya kuzunguka ukiifomati haraka kwa bahati mbaya mafaili mengi bado yanaokoleka, lakini SSD Windows inaiambia ifute ile nafasi palepale, hiyo inaitwa TRIM, ikishapita mara nyingi ndio basi tena. Kwenye SSD hakuna kujaribu.

"Initialize Disk", inakuuliza MBR au GPT (namna mbili za kupanga vigawanyo vya diski, yaani vyumba kama C na D). Cancel pia. Diski iliyokuwa inafanya kazi jana haihitaji hiyo. Mara nyingi tatizo ni keisi au kebo, au diski inaelekea kufa.

Inaomba ufunguo wa BitLocker. Hiyo ni habari njema, diski inasomeka. Linganisha herufi nane za mwanzo za Key ID na zile kwenye akaunti yako, weka tarakimu 48, inafunguka.

Haionekani kabisa kwenye This PC. Bofya kulia kitufe cha Start, ingia Disk Management. Kama ipo ila haina herufi, bofya kulia chagua Change Drive Letter and Paths, ipe herufi. Kama imeandikwa Offline, bofya kulia Online. Kama imeandikwa Foreign chagua Import Foreign Disks, usichague kuibadilisha kuwa Basic, hiyo inafuta vigawanyo.

"You don't currently have permission to access this folder." Hii haina ubaya, folda ni la akaunti ya kompyuta ya zamani. Bonyeza Continue kama unachukua vitu vichache. Kama ni folda zima ruka hapo, kuna njia safi chini.

Hatua ya 6: Kukopi

Kopi, usikate. Cut ni adui, umeme ukikatika katikati unabaki na nusu huku nusu kule. Na usikopi kwa kuburuta folda lote la mtumiaji, Windows itasimama kwenye faili moja lisilosomeka ikikusubiri ujibu, wewe umelala ukijua kazi inaendelea. Tumia robocopy, imo ndani ya Windows tayari. Fungua Command Prompt kama msimamizi, tuseme diski ya zamani ni E, unapoweka nakala ni D, na mtumiaji aliitwa Asha:

robocopy "E:\Users\Asha" "D:\Nakala\Asha" /E /B /XJ /R:1 /W:1 /LOG:D:\nakala.txt /TEE

/E inachukua folda zote hata tupu. /B inapita kwenye ruhusa bila kuzibadilisha kwenye diski ya zamani, ndiyo ile njia safi niliyosema. /XJ ni muhimu sana, inaruka vile vifolda vya uongo kama Application Data ambavyo vinajirudia ndani yake mpaka diski inajaa. /R:1 na /W:1 zinazuia isikwame, kwa sababu kawaida yake inarudia faili bovu mara milioni moja, sitanii ndivyo ilivyopangwa. Usiweke /MIR hata ukiona watu wanaisifia, ile inafuta upande wa pili kila kisichopo upande wa kwanza, ukigeuza E na D kwa bahati mbaya umejimaliza.

Muda: soketi ya USB 2.0 inatoa kama MB 35 kwa sekunde, GB 500 ni karibu masaa manne. Ukichomeka kwenye USB 3.0, nyingi zina rangi ya bluu, diski ya kuzunguka inafika kama MB 100 na kazi hiyohiyo inakwenda saa moja na nusu hivi. Zima kulala kwa kompyuta kwenye Settings kabla ya kuiacha.

Ikimaliza angalia jedwali la chini, safu ya FAILED. Inatakiwa iwe 0. Kama sio, fungua nakala.txt utafute ERROR uone ni faili gani. Halafu bofya kulia folda la zamani na jipya, Properties, linganisha ukubwa na idadi (la zamani likikunyima ruhusa tumia ile safu ya FAILED), na ufungue kwa mkono video kubwa kadhaa na faili za Excel, usiridhike na kuona majina tu.

Vitu vinavyosahaulika kila siku: Users\Public ndiko QuickBooks inakoweka faili za kampuni, ndani ya Documents\Intuit, na programu nyingi za hesabu za duka zinaweka data huko au kwenye ProgramData au moja kwa moja kwenye C, kama kompyuta ya zamani bado inawaka fungua programu kabla ya kuchomoa diski uone njia yake. Barua za Outlook zipo kwenye faili za PST, mara nyingi Documents\Outlook Files, hizo zibebe. Zenye OST achana nazo, ni kivuli cha seva tu. Folda lako la Desktop usipolikuta mahali pake angalia ndani ya folda la OneDrive. Na kama diski ilikuwa na kigawanyo cha D, usikisahau, watu wanakopi C wanaondoka.

Hatua ya 7: Kama unataka diski ya zamani iwashe kompyuta mpya

Nakala unayo, jaribu sasa. Lazima iwekwe ndani, Windows ya kawaida haiwaki kwa USB. Windows 10 na 11 zina uvumilivu, zitaandika Getting devices ready, zitajirestati mara kadhaa, kisha zinaingia. Windows 7 nyingi zinaishia kwenye kioo cha bluu cha 0x0000007B.

Ikigoma angalia mambo mawili BIOS. Kwanza, jinsi ilivyokuwa inawaka zamani: diski ya MBR inataka Legacy au CSM (namna ya zamani ya kuwasha), diski ya GPT inataka UEFI (namna mpya), na mashine nyingi mpya hazina Legacy kabisa. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 ina komandi ya mbr2gpt ya kubadilisha bila kufuta. Pili, ukiona INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, angalia mpangilio wa SATA upo AHCI au RAID, uweke kama ilivyokuwa kwenye kompyuta ya zamani, na kwa Intel za kizazi cha 11 kuja juu kuna kitu kinaitwa VMD, kizime. Ila kumbuka ulivyokikuta, Windows iliyokuja na mashine ukiirudisha inaweza isiwake bila hicho kitu.

Laiseni: Windows iliyokuja na laptopu imefungwa kwenye mazabodi ile, haihami na diski. Bahati nzuri laptopu mpya nayo mara nyingi ina ufunguo wake ndani ya BIOS na toleo likiwa lilelile inajiaktiveti yenyewe ukiunga intaneti.

Mimi binafsi kama diski ni ya kuzunguka na ina Windows 10 ya miaka sita, sisumbuki na hatua hii. Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ile Windows imeshajaa takataka. Piga Windows mpya kwenye SSD, leta mafaili, insto programu upya, jioni moja imeisha.

Hatua ya 8: Diski ya zamani baada ya hapo

Usiifomati wiki hiyohiyo. Iweke kabatini kama miezi miwili huku unatumia kompyuta mpya kwa kazi za kweli, maana folda lililosahaulika huwa linakumbukwa siku ya kufunga hesabu za mwezi. Ukija kuifomati, soma namba ya diski na ukubwa wake kwenye Disk Management kabla ya kubonyeza, na chomoa diski nyingine zote za nje. Kama unaiuza na ni ya kuzunguka ondoa tiki kwenye Quick Format, itaandika sifuri juu ya kila kitu na itachukua masaa, iache imalize. Kama ni SSD tumia Secure Erase ya kwenye BIOS au programu ya kampuni iliyoitengeneza.